Kikopo cha Kwapani

Njombe ya mwezi wa saba si mji wa kutembea na kikopo mkononi. Asubuhi ukungu umelala juu ya chai ya Kibena, bodaboda wamejifunga skafu mpaka machoni, na anayekusalimu "Kamwene" anatoa moshi mdomoni utadhani anavuta sigara. Kikopo ninachokisema kina shahawa. Kinatakiwa kimfikie mtaalamu wa maabara ndani ya nusu saa, ikizidi sana saa moja, na njia nzima kisipoe chini ya nyuzi joto 20 wala kisizidi 37. Kwa hiyo hakibebwi kwenye mfuko wa nje wa koti, wala hakining'inizwi kwenye usukani wa pikipiki. Kinabanwa kwapani, chini ya shati, sweta na koti.

Kikipoa, mbegu zinapunguza mwendo. Mtaalamu akichungulia anakuta zimezubaa, anaandika alichokiona, na mwanaume anarudi nyumbani na majibu ya baridi ya Njombe akidhani ni majibu yake.

Nimeanza na kikopo kwa sababu, katika safari nzima ya kutafuta mtoto, hiki ndicho kipimo chepesi kuliko vyote. Hakina sindano, hakina kulazwa kitandani, hakina kuvua nguo mbele ya mtu. Na ndicho kinachofanywa mwisho, kama kinafanywa.

Teremka kilomita kama 60 mpaka Makambako. Hapa barabara ya Songea inaikuta barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapohapo. Malori yanalala, abiria wanabadilisha mabasi, magunia ya viazi yanapakiwa kwa lumbesa. Ni mji wa njia panda, na kama njia panda zote, matangazo hayakosi. Kwenye nguzo za umeme kuna vikaratasi: dawa ya kuzibua mirija, dawa ya kusafisha kizazi, dawa ya kurekebisha homoni, dawa ya nguvu za kiume, na namba ya simu chini yake. Sijawahi kuona hata kimoja kinachosema: njoo na mumeo apime mbegu.

Nikupe watu wawili. Si watu halisi. Nimewashona kwa vipande vya hadithi ninazozisikia kwenye kila mji wa namna hii. Mume ni dereva wa lori la mbao, Makambako kwenda Dar es Salaam na kurudi. Mke ana meza ya parachichi. Ndoa ina miaka minne. Majirani wao ni Baba Neema, Mama Joshua, Mama Pili. Wao wawili bado wanaitwa kwa majina yao ya utotoni, na kila wakiitwa ni kama wanakumbushwa.

Mke ameshakunywa dawa za mizizi za aina tatu. Ameombewa. Amepigwa ultrasaundi, akatolewa damu, akapigwa picha ya mirija, ile ambayo dawa inasukumwa kupitia mlango wa kizazi huku umelala chini ya mashine ya eksirei. Walioipitia hawahitaji kusimuliwa maumivu yake. Mama mkwe ameanza kuulizia ukoo wa binti una historia gani. Na mume? Mume hajapimwa kitu. Wenzake kijiweni wakimchokoza, anacheka na kusema jogoo anawika.

Hapo ndipo penye kosa. Jogoo kuwika ni habari ya mishipa ya damu, neva na hamu. Mbegu ni habari nyingine kabisa. Majimaji yanayotoka wakati wa tendo karibu yote yanatengenezwa na tezi zilizo karibu na kibofu. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ujazo ule. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu za kutosha, akatoa majimaji ya kutosha, yenye rangi na uzito wa kawaida, na ndani yake pasiwe na mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua. Mke hawezi kujua. Yeye mwenyewe hawezi kujua. Anayejua ni aliyeshika hadubini.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Aprili 2023: takribani mtu 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake, maana yake kukaa miezi 12 au zaidi bila kinga na bila mimba. Na wanandoa wanapochunguzwa wote wawili, karibu nusu yao hukutwa na kasoro upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na ya mke. Kwa hesabu hiyo, kumpima mke miaka minne bila kumgusa mume ni sawa na kutafuta mbuzi aliyepotea kwa kuzunguka upande mmoja tu wa kilima.

Tuingie maabara. Kinachohitajika kuanzia si mashine kutoka mbinguni. Hospitali inayopima kifua kikuu na malaria ina hadubini. Kinaongezwa kioo chenye miraba iliyochorwa, ambacho mafundi wa maabara wanakifahamu, kwani hutumika pia kuhesabu seli za maji ya uti wa mgongo. Sampuli inaachwa kwanza ilainike, kwa kuwa ikitoka huwa nzito kama uji wa ulezi. Dakika 15 mpaka 30 zinatosha. Inachanganywa taratibu, tone linawekwa kwenye kioo, taa inawashwa.

Unachokiona ukichungulia mara ya kwanza hukisahau. Ni kama dimbwi la viluwiluwi lililotazamwa kutoka ghorofani. Wapo wanaokata moja kwa moja kama wamechelewa basi. Wapo wanaozunguka palepale. Wapo wanaotingisha mkia bila kusogea, na wapo waliokaa kimya. Kila mbegu ina urefu wa kama sehemu 5 za milimita iliyogawanywa mara 100, kichwa na mkia pamoja. Mtaalamu anahesabu walau mbegu 200, kisha anarudia na tone la pili kuhesabu 200 nyingine, na hesabu mbili zikipishana kupita kiasi anatupa zote na kuanza upya. Halafu anapaka rangi kwenye kioo kingine kutazama maumbile: kichwa kikubwa mno, vichwa viwili, mkia uliopinda.

Msomaji wa kiume asitishike na maumbile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la 2021, unasema mbegu zenye umbo kamili zikifika 4 katika 100 inatosha. Ndiyo, 96 zaweza kuwa za ovyo na mtu akawa baba. Idadi nayo ni milioni 16 kwa kila mililita, au milioni 39 kwa sampuli nzima, na zinazotembea kwa jumla ziwe 42 katika kila 100. Namba hizi zilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha ikachukuliwa ile alama ambayo watu 5 kati ya 100 walikuwa chini yake. Yaani hata wale watano walikuwa baba. Kwa hiyo karatasi yenye namba ndogo si hukumu, ni sababu ya kuendelea kutafuta. Karatasi yenye sifuri ni habari tofauti, na hata hiyo inataka kurudiwa kabla mtu hajaambiwa.

Aibu ya jambo hili si ya Wabena wala Wakinga peke yao. Mwaka 1677 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza kuhusu mbegu alizoziona kwenye lenzi alizozisugua mwenyewe. Alipowaandikia wasomi wa London alijihami kwanza: sampuli haikupatikana kwa dhambi, ilikuwa mabaki ya tendo la halali na mkewe. Karne tatu na nusu baadaye, mume wetu wa Makambako bado anauliza kama hawezi kutumia kondomu ya kawaida kukusanyia. Hawezi, mpira ule na mafuta yake unaua mbegu. Mate na sabuni navyo vinaharibu. Mkono mkavu uliooshwa, kikopo safi, siku 2 mpaka 7 bila tendo, basi.

Sasa homoni. Hili neno limekuwa gunia. Mwanamke hajapata siku zake: homoni. Amenenepa: homoni. Ana chunusi, ana hasira, hajashika mimba: mvurugiko wa homoni, na chupa ya dawa ya kijani inatolewa chini ya meza. Sisemi homoni hazivurugiki. Zinavurugika, na zina majina na siku zake za kupimwa. Ile inayotoka kwenye tezi ya chini ya ubongo kuamsha mayai hupimwa siku ya 2 au ya 3 ya hedhi. Projesteroni, inayothibitisha kwamba yai limetoka, hupimwa wiki moja kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 ni kama siku ya 21. Damu iliyotolewa siku yoyote tu, kwa kuwa ndiyo siku mtu aliyopata nauli kutoka Lupembe au Ludewa, inaweza kutoa namba sahihi isiyo na maana yoyote. Mtu akikwambia homoni zako zimevurugika, muulize ni ipi, na ilipimwa siku ya ngapi.

Kuzipima hizo homoni ndiko kulikowatoa jasho wanasayansi wa karne ya 20, na Afrika ina sehemu yake, ingawa aliyetoa jasho zaidi alikuwa chura. Mjini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba mkojo wa mjamzito ukidungwa kwa panya jike, ovari zake zinabadilika. Ila panya lazima achinjwe ndipo uone. Mwingereza Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, akamfanyia kazi chura wa majini wa Afrika Kusini, yule mwenye kucha. Chura jike akidungwa mkojo wenye homoni hiyo ya ujauzito anataga mayai ndani ya siku moja, na hachinjwi. Akipumzika anatumika tena. Kuanzia miaka ya 1930 mpaka ya 1960 vyura wa Kiafrika walikaa kwenye matangi ya hospitali za Ulaya wakisubiri mikojo ya akina mama. Kijiti cha mimba kinachouzwa leo kila duka la dawa Makambako kinanusa homoni ileile.

Kuna pia kisa cha masista. Mwanamke aliyekoma hedhi hutoa kwa wingi ile homoni ya kuamsha mayai, kwani tezi inazidi kupiga hodi kwenye nyumba isiyojibu. Mwaka 1949 mkemia wa Italia, Piero Donini, alifanikiwa kuitenga kutoka kwenye mikojo ya wanawake wa umri huo, na ilipohitajika mikojo mingi isiyo na shaka ya ujauzito, wakaombwa masista wazee wa nyumba za watawa za Italia. Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa dawa hiyo alizaliwa Israeli, 1962. Msomaji aliyezoea kuwaona masista wa Imiliwaha wakishuka Njombe mjini aruhusiwe kutabasamu: watawa walioweka nadhiri ya useja wamewapa watoto watu wengi.

Turudi kwa mke wetu, kwenye ile picha ya mirija. Kwake ilitoka safi, lakini kwa wanawake wengi wa Afrika haitoki hivyo. Uchunguzi wa nchi nyingi ulioendeshwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia 1979 ulikuta kwamba Afrika kusini mwa Sahara, kuliko mahali pengine, ugumba wa wanawake ulitokana na maambukizi yaliyoacha makovu kwenye mirija. Kisonono na klamidia ndio vinara wa kazi hiyo. Klamidia ni mbaya zaidi kwa sababu inakaa kimya: hakuna uchafu, hakuna homa, mirija inajifunga polepole kama bomba lenye kutu. Na aliyeileta mara nyingi naye hajui. Ndiyo maana kumtibu mmoja na kumwacha mwenzake ni kupiga deki huku bomba linavuja. Tanzania yenyewe ilishaufundisha ulimwengu katika hili: utafiti wa Mwanza, uliochapishwa 1995, ulionyesha kwamba kuboresha tu tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa karibu asilimia 40.

Na huwezi kuandika juu ya uzazi Njombe ukaruka VVU. Mkoa huu umekuwa juu ya orodha ya taifa kwa muda mrefu: asilimia 14.8 katika uchunguzi wa 2011/12, 11.4 katika ule wa 2016/17, na 12.7 katika ule wa 2022/23, wakati taifa zima lilikuwa 4.4. Namba hizo huzungumzwa kama habari za vifo na dawa. Nyuma yake kuna wanandoa wenye majibu tofauti, mmoja anaishi na virusi na mwenzake hana, nao wanataka mtoto kama wengine wote. Zamani waliambiwa wasahau.

Maabara ndiyo iliyowafungulia mlango. Kirusi kinaelea kwenye majimaji na kwenye seli nyeupe, hakimo ndani ya mbegu inayoogelea. Daktari Augusto Semprini wa Milan, Italia, akachapisha 1992 matokeo ya kuzichuja mbegu: unaziweka kwenye mashine inayozungusha kwa kasi, majimaji unayatupa, zilizo hai zinaogelea juu kwenye maji safi, unazichukua na kuzipandikiza kwa mke. Ni kazi nzuri, ila ya gharama. Kilichobadilisha maisha ya Njombe ni kidonge. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa wanandoa wa namna hiyo ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake inapungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikakuta kwamba virusi vikifubaa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, haviambukizwi kwa tendo la ndoa. Tangu 2016 Tanzania humwanzishia dawa kila anayekutwa na maambukizi. Leo mtu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, anayemeza dawa vizuri anaweza kumwambia mhudumu waziwazi: tunataka mtoto, tupangie. Wapo bado wanaoona haya kuuliza.

Dereva wetu ana jingine la kuuliza. Korodani zinaning'inia nje ya mwili kwa sababu: zinataka nyuzi 2 mpaka 4 pungufu ya joto la ndani. Watafiti wa Ufaransa waliwahi kupima wanaume waliokaa kwenye usukani zaidi ya saa mbili, wakakuta joto la pale limepanda. Kupanda joto si kusema mtu ni mgumba, na madereva wenye watoto saba wapo. Lakini ni jambo la kumwambia daktari, pamoja na matubwitubwi aliyougua ukubwani, mishipa iliyovimba kama minyoo upande wa kushoto, na sindano za kujaza misuli. Hizo sindano zina ucheshi wao mchungu: mwili ukipewa homoni ya kiume kutoka nje, unaona kiwanda cha ndani hakina kazi, unakifunga.

Na wale wanaobeba bomba la dawa mgongoni, wakipulizia viazi na parachichi bila glavu wala barakoa? Ninajizuia hapa, maana ni rahisi kutisha watu. Nitasimulia kisa kimoja tu. Mwaka 1977 huko Lathrop, California, wafanyakazi wa kiwanda cha viuatilifu walipiga soga wakagundua kwamba muda mrefu hakuna aliyepata mtoto. Wakaomba wapimwe mbegu. Wengi walikutwa nazo chache mno, wengine hawana kabisa. Mchawi alikuwa dawa ya kuua minyoo ya udongoni, iitwayo DBCP kwa kifupi, ambayo panya wa maabara walishaitolea ushahidi tangu 1961 na hakuna aliyewaambia wenye kuigusa. Matumizi yake mengi Marekani yalisimamishwa 1979, wakati mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati yameshainyunyiza vya kutosha. Si dawa ya viazi vya Njombe. Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni mwanzo wake: wanaume wameketi, mmoja akasema la moyoni, mwingine akasema na mimi.

Upandikizaji, ule wa yai na mbegu kukutanishwa nje ya mwili, nauacha mwisho kwa sababu ndio watu wanaouulizia kwanza. Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, huyu wa mwisho akiwa muuguzi aliyekuja kuwa mtaalamu wa viinitete na ambaye jina lake lilisahauliwa kwa miaka. Uganda ilipata mtoto wa kwanza wa namna hiyo 2004, Kenya 2006, na Dar es Salaam nayo sasa ina kliniki zake. Lakini hiyo ni ngazi ya juu kabisa, na watu wanauza mashamba ya miti kuipandia kabla hawajakanyaga ngazi ya kwanza. Ngazi ya kwanza ni kikopo.

Basi tuseme mume wetu amekubali. Haijatokea kwa mahubiri, mke amemwambia usiku mmoja, kwa sauti ya chini, "Mume wangu, mimi nimepimwa vya kutosha." Asubuhi wamepanda bodaboda wawili, kikopo kwapani. Majibu: milioni 9, mwendo hafifu. Mtaalamu hajamwita mgumba. Amemwuliza, "Kaka, miezi mitatu iliyopita uliugua homa?" Ameugua, malaria kali, alilazwa Morogoro.

Kuitengeneza mbegu moja tangu mwanzo mpaka ikomae huchukua siku kama 70 na ushee. Alichokiona mtaalamu asubuhi hii kilianza kutengenezwa mwezi wa tano, mwili ukiwa unachemka kwa homa. Kwa hiyo dawa hajaandikiwa. Ameambiwa apunguze pombe, aache sigara, akojoe kwa ajili ya kipimo cha maambukizi, na mke naye pia, na kwenye kadi ikaandikwa tarehe ya mwezi wa kumi. Mke ameipokea kadi, ameisoma, kisha ameuliza kama mwezi wa kumi baridi itakuwa imepungua.